Kumbukumbu za Jengo Kabla ya Ukarabati

Katika Jiji la New York, kosa la ujenzi hufuata jengo na si aliyelitenda, kwa hiyo anayenunua nyumba hurithi pia makosa ya wamiliki waliomtangulia. Kumbukumbu za kila jengo hutunzwa na Idara ya Majengo na husomwa bila malipo kwenye intaneti, ama kwa anwani ama kwa namba ya jengo, yaani tarakimu 7 ambazo ya kwanza hutaja wilaya: 1 ni Manhattan, 3 ni Brooklyn. Namba ni ya kutegemewa zaidi, kwa kuwa jengo la pembeni mwa barabara mbili huweza kuwa na anwani kadhaa.

Cha kutafutwa kwanza ni hati ya matumizi, inayoeleza kila ghorofa imeruhusiwa kutumika kwa kazi gani na nyumba ni ya familia ngapi. Majengo ya kabla ya 1938 huenda yasiwe nayo, na hilo pekee si kosa. Lakini hati ikitaja familia mbili, huku chini ya ardhi pana jiko na kitanda cha mpangaji wa tatu, suala huwa la uhai wa watu: mnamo Septemba 2021 mafuriko ya Kimbunga Ida yaliua watu wasiopungua 11 katika vyumba vya namna hiyo jijini humo, na vingi kati ya vyumba hivyo vilikuwa vimegeuzwa makazi bila idhini.

Katika orodha ya makosa ndipo wengi hukosea. Kulipa faini hakufungi kosa, kwani mwenye jengo hudaiwa pia kurekebisha dosari na kuwasilisha uthibitisho, na mpaka uthibitisho ukubaliwe kosa huhesabiwa kuwa bado lipo. Vivyo hivyo, kutolewa kwa kibali si ushahidi kwamba kazi ilikamilika. Kibali cha mabomba cha miaka 30 iliyopita, ambacho ukaguzi wake wa mwisho haukufanyika, kinaweza kukwamisha hati mpya ya matumizi, hata kama fundi aliyekichukua amekwisha kufariki.

Kumbukumbu zisizo na doa nazo huhitaji kulinganishwa na jengo lenyewe. Bafu jipya likionekana mahali ambapo ramani za zamani zinaonyesha stoo, na kibali chake hakipo, basi lilijengwa kinyemela, na mmiliki wa sasa huweza kulazimika kulipa adhabu yake kabla ya kupewa kibali cha kulihalalisha.