Nyama ya Kiboko na Mlaji Mmoja

Mtu aweza kuuliza: Nikiikataa nyama ya kiboko, yafaa nini? Mnyama amekwisha kufa. Kweli, huyo hafufuki. Lakini kiboko mmoja hushibisha mamia. Basi kukataa kwako mara nyingi hakumwokoi yeyote. Ila siku moja fungu lile lile ulilolikataa ndilo humdodea mchuuzi, naye asimtume tena mwindaji. Hapo kiboko mzima huishi.

Katika mbuga ya Virunga, kaskazini mwa Goma, viboko walipita 25,000 miaka ya 1970. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Wengi waliuawa kwa ajili ya nyama na meno. Jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya miezi minane. Na mavi ya viboko hurutubisha maji ya Ziwa Edward, wanamokua samaki wetu wa Ijumaa.