Kiwavi wa mlimao: msimuue haraka

Wazazi wapendwa, je, mmeshaona kwenye majani ya mlimao kitu kama kinyesi cha ndege, halafu kinatembea? Jamani, huyo ni kiwavi, mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Akikua anakuwa kijani. Mguseni kidogo: anatoa pembe za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Haumi.

Mlimao mkubwa unamvumilia. Ila mche mdogo atauacha mtupu, basi mhamisheni kwenye mlimao au mchungwa mkubwa. Viwavijeshi wa mahindi ni wengine. Hao waueni, wanamaliza chakula.

Vipepeo wanapenda maua, na tope la bombani pia. Waiteni watoto wamwangalie kiwavi akijifunga kwenye kijiti, mpaka siku atakapotoka na mabawa.