Kompyuta mpya inayojizima ovyo: ujumbe wa kwenye skrini si lazima uonyeshe kifaa chenye kosa

Kompyuta iliyoundwa nyumbani kwa vifaa vipya huweza kuwaka vyema siku ya kwanza na kupokea programu zote, kisha ikaanza kuganda, kujizima au kujiwasha upya bila sababu inayoonekana. Leo kazi nzito ya saa tatu hupita salama; kesho mashine inazimika ilhali mwenyewe anasoma barua pepe tu.

Kwa mtu aliyeagiza vifaa vyake Dubai, au aliyevinunua Kampala au Nairobi na kuvuka navyo mpaka, tatizo hilo lina uzito wake. Muda wa kurudisha bidhaa dukani huwa mfupi, na kuituma nchi nyingine kwa ajili ya dhamana huweza kula sehemu kubwa ya thamani yake. Anayekosea kutambua kifaa kibovu hulipa mara mbili: hununua kifaa asichokihitaji, na kile chenye kasoro hubaki ndani ya mashine.

Kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu hawaanzi kwa kununua. Huanza kwa kuuliza: kompyuta huzimika wakati gani, ikifanya nini, na ni kitu gani kimoja kikibadilishwa tatizo hutoweka?

Funzo la mwaka 2024

Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni unahusu vichakataji vya Intel, yaani chipu kuu zinazofanya hesabu zote za kompyuta, ambazo mafundi wengi huziita prosesa. Mwanzoni mwa mwaka 2024, malalamiko yaliongezeka kutoka kwa wenye kompyuta za mezani zilizotumia prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 za kampuni hiyo. Michezo ya video ilikatika ghafla, na mara nyingi skrini ilitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi.

Waliosoma ujumbe huo waliishuku kadi ya picha, ambayo mara nyingi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote katika mashine ya michezo. Lakini kadi hiyo haikuwa na kosa. Prosesa ilikuwa inakosea hesabu wakati wa kufungua data za mchezo, na programu iliyopokea matokeo yasiyo sahihi ikatoa onyo lililoelekeza kwingine.

Mwezi Julai mwaka huo, Intel ilieleza kwamba maagizo ya ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba umeme wa volti ya juu kupita kiasi. Sasisho za kurekebisha zilitolewa Agosti na Septemba 2024, na dhamana ya prosesa zilizohusika ikaongezwa miaka miwili. Hata hivyo, sasisho hizo zilikusudiwa kuzuia madhara yasitokee. Prosesa iliyokwisha kuharibika haikuweza kuponywa nazo, ilihitaji kubadilishwa.

Tukio hilo linabeba funzo linalohusu kompyuta yoyote. Ujumbe wa kosa huonyesha mahali kosa lilipojitokeza, na hapo huenda pakawa mbali na mahali lilipozaliwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kumbukumbu za mfumo wa Windows. Baada ya kompyuta kuzimika ghafla, mfumo huandika tukio namba 41. Wengi huliona na kuamua kwamba kifaa cha kugawa umeme kimekufa, ilhali namba hiyo inasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Inathibitisha kwamba tukio lilitokea, bila kutaja sababu.

Hatua zisizo na gharama

Kabla ya yote, kazi muhimu zinakiliwe kwenye diski nyingine, kwa kuwa kuzimika mara kwa mara huweza kuharibu mafaili. Kisha liwekwe daftari: tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, na kila badiliko lililofanywa baadaye. Baada ya wiki moja, kile kilichoonekana kuwa ovyo mara nyingi huonyesha mpangilio. Mashine inayozimika wakati wa kazi nzito huelekeza kwenye joto au umeme. Ile inayotoa makosa ya aina mbalimbali, leo hili na kesho lile, huelekeza kwenye kumbukumbu ya RAM.

RAM ndiyo inayostahili kuchunguzwa mwanzo, kwa sababu kuipima hakugharimu chochote. Vijiti vingi vya RAM huuzwa kwa kasi iliyo juu ya kiwango cha kawaida, na kasi hiyo huwashwa katika mipangilio ya BIOS kwa majina kama XMP au EXPO. Si kila prosesa na kila bodi kuu huimudu. Jaribio la kwanza, basi, ni kurudisha mipangilio yote ya BIOS katika hali yake ya awali na kutumia kompyuta siku kadhaa. Ikitulia, huenda vifaa vyote ni vizima na kasi pekee ndiyo iliyozidi.

Isipotulia, programu ya bure ya Memtest86+ huwekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows, kisha ikaachwa ifanye kazi usiku kucha. RAM iliyo nzima haitoi kosa hata moja. Yakitokea makosa, kila kijiti hupimwa peke yake katika nafasi ile ile ya bodi, ili ijulikane kama kibovu ni kijiti au nafasi yenyewe. Kwenye bodi nyingi zenye nafasi nne, vijiti viwili hupaswa kukaa katika nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa, na kijitabu cha bodi huthibitisha hilo.

Ni vyema pia kujua kwamba kompyuta zenye RAM ya aina ya DDR5 huweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi zinapowashwa kwa mara ya kwanza, au baada ya BIOS kurudishwa katika hali ya awali. Wakati huo bodi inapima vijiti vyake. Anayekata umeme kwa kudhani imeganda huilazimisha kuanza upya.

Joto na umeme

Joto hupimwa kwa programu za bure zinazoonyesha nyuzi za prosesa na kadi ya picha. Prosesa nyingi za sasa hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, na hujizima zikizidi mno. Ikiwa nyuzi hupanda kwa sekunde chache tu baada ya kazi kuanza, kipoza joto huenda hakijagusana vyema na prosesa. Kosa la kawaida kwa wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza ni kusahau kubandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza joto. Kosa jingine ni kukaza skrubu za upande mmoja na kuacha za upande wa pili zikilegea.

Umeme unahitaji uangalifu zaidi. Kadi kubwa za picha huvuta kwa nukta fupi umeme mwingi kuliko uliotajwa kwenye boksi, na kifaa dhaifu cha kugawa umeme hujizima ili kujilinda. Kadi yenye matundu mawili ya umeme ni heri ipewe nyaya mbili tofauti kuliko waya mmoja wenye vichwa viwili. Nyaya zinazochomoka za kifaa cha chapa moja zisitumiwe kwenye kifaa cha chapa nyingine hata zikiingia: mpangilio wa ndani huweza kutofautiana, na diski au bodi ikaungua papo hapo. Kifaa chenyewe kisifunguliwe, kwa maana huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Pale ambapo umeme wa nyumbani hupanda na kushuka, ni lazima kuutenga kwanza. Taa zikififia wakati ule ule kompyuta inapozimika, chanzo huenda kiko nje ya mashine. Kompyuta ikijaribiwa katika nyumba nyingine yenye umeme thabiti, au nyuma ya UPS yenye uwezo wa kutosha, jibu hupatikana bila kununua kifaa cha ndani.

Programu au kifaa?

Lipo jaribio jepesi la kutenganisha makosa ya programu na ya vifaa. Mfumo wa Linux huwekwa kwenye flashi na kompyuta ikawashwa kutoka humo bila kugusa Windows wala diski. Mashine ikizimika pia ndani ya Linux, kufuta na kuweka Windows upya hakutasaidia. Kosa liko kwenye vifaa au umeme. Ikikaa siku mbili bila tatizo kwa kazi inayofanana, uchunguzi uelekezwe kwenye diski iliyobeba Windows na kwenye programu zinazoendesha vifaa, hasa ile ya kadi ya picha. BIOS nayo isasishwe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa bodi, kwa kuwa marekebisho kama yale ya Intel hufika kwa njia hiyo. Kazi hiyo ifanywe wakati umeme ni wa uhakika: ukikatika katikati, bodi huweza kushindwa kuwaka tena.

Hatua hizi zote zina sharti moja, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayesasisha BIOS, akapunguza kasi ya RAM na kubadilisha waya wa umeme jioni moja huenda akaponya kompyuta yake, lakini hatajua alichokiponya, na tatizo likirudi atalazimika kuanza upya.

Iwapo kifaa kitabainika kuwa kibovu, daftari lile huwa ushahidi. Muuzaji anayeambiwa tu kwamba kompyuta inazima ana sababu nyingi za kusema vifaa vyake ni vizima. Lakini akionyeshwa picha ya Memtest86+ yenye makosa, na kuelezwa kwamba kijiti hicho kimoja kilishindwa katika nafasi mbili za bodi ilhali mwenzake alifaulu katika zote mbili, ana machache ya kubisha. Stakabadhi na maboksi navyo vitunzwe hadi muda wa dhamana uishe, na majaribio yaanze siku kompyuta inapoundwa, wakati muda wa kurudisha kifaa dukani bado haujapita.