DAMU NI MOJA, MOYO SI MMOJA



Mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Presha ni ya ukoo wetu, hakuna la kufanya." Mwingine husema, "Kwetu hatuugui moyo, babu aliishi miaka mingi kwa nyama na maziwa." Wote wawili wamekosea. Tuwatazame Waturkana wa kaskazini-magharibi mwa Kenya.

Urithi wao

Wafugaji hawa huishi katika nchi kame. Sehemu kubwa ya chakula chao, asilimia 70 hadi 80, ni maziwa, damu na nyama. Chakula cha namna hiyo huzipa figo kazi nzito, hasa maji yakiwa haba. Mwaka 2025 watafiti, wakishirikiana na jamii hiyo, walitangaza matokeo ya kuchunguza chembe za urithi za watu 367. Waliona sehemu nane ambazo zimebadilika kwa vizazi vingi ili kuendana na maisha hayo. Mojawapo inahusika na figo na namna mwili unavyostahimili kiu.

Je, urithi huo unatosha kuulinda moyo?

Hapana. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2020, Waturkana wazima zaidi ya 1,200 walipimwa. Wafugaji walikuwa na afya njema ya moyo. Walioacha kufuga lakini wakabaki kijijini hawakutofautiana nao sana. Bali waliohamia mjini walikuwa na uzito mkubwa zaidi na shinikizo la damu la juu zaidi. Hata mahali mtu alipozaliwa palikuwa na uzito: waliozaliwa penye msongamano wa watu walikuwa na hali mbaya zaidi ukubwani.

Kabila ni lile lile, ila maisha yamebadilika. Mjini kuna sukari, unga uliokobolewa, mafuta ya kukaangia, na mwendo ni mfupi. Wala mtu wa mjini asidhani kwamba nyama tele itamponya: mfugaji hutembea mwendo mrefu kila siku, naye hali kupita kiasi.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tupime shinikizo la damu hata kama hatuumwi. Likifika 140/90 na kuendelea, likapimwa tena siku nyingine likawa vile vile, tumwone mganga.
2. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima.
3. Tupunguze sukari katika chai na soda, tuongeze mboga, maharage na matunda.
4. Tutembee kwa miguu, na watoto wacheze.
5. Tuache sigara.
6. Ikiwa baba au kaka aliugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, tuanze kupima mapema.

Urithi hatukuuchagua. Lakini chakula tunachowapakulia watoto wetu leo tunakichagua wenyewe. Mungu ametupa mwili ili tuutunze.