Ankara Iliyotoka Panama

Mnamo Desemba 1989, diski zipatazo 20,000, zilizotiwa posta London kwa jina la elimu juu ya ukimwi, ziliwafikia watafiti na wasomaji wa magazeti ya kompyuta katika nchi nyingi. Na aliyeitia yake katika mashine, baada ya kuiwasha yapata mara 90, aliyakuta majina ya mafaili yake yamegeuzwa mafumbo, na mbele yake ankara.

Ankara hiyo ndiyo iliyoninasa. Haikutisha wala haikutukana: ilieleza kwa adabu ya karani kwamba muda wa kukodi programu umekwisha, ikamtaka mwenye mashine achague baina ya dola 189 kwa matumizi 365 na dola 378 kwa umri wote wa diski yake kuu, kisha apeleke hawala ya benki kwenye sanduku la posta nchini Panama. Mshtakiwa wa hila hiyo, Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kutafiti nyani nchini Kenya, alionekana na mahakama ya Uingereza hana afya ya akili ya kukabili kesi.

Jim Bates, fundi Mwingereza aliyeichambua programu hiyo katika jarida la Virus Bulletin, alikiri werevu wa hila yenyewe, ila akaudharau uandishi wake. Yaliyomo ndani ya mafaili, alibainisha, hayakuguswa. Na siri ya kuyarudisha majina ilikuwa humo humo ndani ya programu, mithili ya mwizi afungaye nyumba ya watu akauacha ufunguo chini ya mkeka. Bates akatunga dawa, AIDSOUT na CLEARAID. Walioponea, basi, waliponea kwa uzembe wa adui wala si kwa hadhari yao.

Mwaka 1996 wanazuoni Adam Young na Moti Yung wakaonyesha, kwa nia ya kuonya, jinsi uzembe huo uwezavyo kuondolewa: ufunguo wa kufungia usafiri na programu, wa kufungulia usiondoke kwa mshambulizi. WannaCry, programu ya kudai fidia ya Mei 2017 iliyozilazimu hospitali za Uingereza kuahirisha matibabu, ilifuata kanuni hiyo. Na Gauss, programu ya kijasusi iliyofichuliwa mwaka 2012, ilibeba sehemu iliyofungwa kwa mafumbo, ambayo ingefunguka katika mashine iliyokusudiwa tu. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ikashindwa kuifumbua, ikaomba msaada hadharani.

Je, waovu walisomeshwa na onyo la wanazuoni, au wangefika wenyewe? Na atakapokuja fundi wa tabia ya Bates, atachambua nini, ikiwa adui hakukosea?