Pampu ya Maji ya Gari Ikianza Kuchoka: Mambo ya Kujua Kati ya Lodwar na Kakuma

Mkulima wa skimu apakiaye nyanya au sukumawiki kwenda kuuza Kakuma ana mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Siku hizi barabara ina lami na safari imekuwa fupi, lakini lami haikupunguza jua. Mara nyingi joto la mchana hupita digrii 35, na injini iliyovumilia ubovu mdogo kule Kitale huenda isiuvumilie huku. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari, na hata yule akodiye, ajue habari za pampu ya maji.

KAZI YAKE

Moto uwakao ndani ya injini hutoa joto jingi. Maji huzunguka ndani ya injini, huchukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, ambako upepo huyapoza, kisha hurudi tena. Kinachoyasukuma ni pampu, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda wa injini. Ndani ya pampu mna panga ndogo za kusukuma maji, beringi inayoshika ekseli yake, na sili inayozuia maji yasivuje. Sili ikichakaa, maji hutoka. Beringi ikilika, ekseli hucheza. Panga zikiliwa na kutu, maji hayaendi ingawa rejeta imejaa.

DALILI ZA UBOVU

Pampu aghalabu hutoa onyo kabla ya kufa. Tazama mambo haya asubuhi, injini ikiwa baridi na imezimwa:

1. Angalia chini ya pampu. Pampu nyingi zina tundu dogo, lililowekwa makusudi ili maji yapitayo sili yatoke nje yasiharibu beringi. Ukiona maji yanadondoka hapo, au alama nyeupe ya chumvi, sili imechoka. Usilizibe tundu hilo, badilisha pampu.

2. Shika puli ya pampu uitikise. Ikicheza, beringi imekwisha. Katika malori mengi ya zamani feni imefungwa kwenye pampu yenyewe, na beringi ikivunjika feni yaweza kupasua rejeta.

3. Tazama mkanda. Ukiwa umepasuka, umelegea au umelowa mafuta, hauwezi kuzungusha pampu sawasawa.

4. Kisha washa injini usikilize. Mluzi au mkwaruzo upande wa pampu ni onyo. Weka mikono na nguo mbali na mkanda na feni.

Lipo jambo jingine la kukusaidia kutambua. Gari likipata joto linaposimama na kupoa linapokwenda, shuku feni kwanza. Likipata joto hata linapokwenda mbio, na maji yamejaa, shuku pampu, themostati, au rejeta iliyoziba.

Watu wengine husema kwamba katika nchi ya joto themostati haina kazi, wakaitoa wakaitupa. Hayo si mashauri mema. Katika injini nyingine, ikiondolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na joto likazidi. Ikiharibika, weka nyingine.

IKIKUSHINDA NJIANI

Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha, uwashe hita kwa nguvu zote. Hita huondoa joto kidogo kwenye injini, lakini ikitoa hewa baridi hali injini ina moto, ujue maji hayazunguki au yamepungua. Mshale usiposhuka upesi, toka barabarani usimame, uzime injini. Usisimame ndani ya laga, maana mvua iliyonyesha mbali huleta maji ghafula hata kama hapo ulipo ni pakavu.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Lodwar iko karibu mita 500 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 98 hivi. Ndani ya rejeta iliyofungwa yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa. Ukifungua, hulipuka mara moja kuwa mvuke na kukuunguza uso na mikono. Ngoja nusu saa au zaidi, hata rejeta iweze kushikika. Ndipo uweke kitambaa kinene, ulegeze kifuniko kidogo kidogo. Maji ya kuongeza yatie polepole, maana maji baridi juu ya chuma chenye moto huweza kukipasua.

Ikiwa maji yanavuja kidogo tu, waweza kujaza na kwenda taratibu hadi kwa fundi, ukisimama mara kwa mara kutazama. Ikiwa mkanda umekatika au pampu imekwama, usiendeshe hata kilomita chache; tafuta gari la kukuvuta. Kichwa cha injini kikipinda na gasketi ikiungua, gharama yake itazidi mbali bei ya pampu.

MAJI YA GARI NA MAJI YA WATU

Chukua mitungi miwili, mmoja wa gari na mmoja wa watu, wala usichanganye. Gari lililokufa laweza kungoja hadi kesho. Mtoto mwenye kiu juani hawezi. Maji ya kunywa yakibaki kidogo, yaache yawe ya watu.

Maji ya visima vingi vya Turkana yana chumvi, na chumvi hiyo hugandamana ndani ya rejeta. Ni bora kutumia maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, yaani kulanti, kwa kadiri iliyoandikwa kwenye chupa. Lakini jihadhari: kulanti nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu. Usiimwage chini, kwa kuwa mbuzi na mbwa wataramba wafe. Usiitie katika chupa ya soda, na uiweke mbali na watoto.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukiona dalili moja katika hizi Lodwar, mwite fundi kwanza, upakie nyanya baadaye.