Mapacha: Kikombe ni salama kuliko chupa

Je, dada yako huko Eldas, Wajir, amejifungua mapacha? Kabla hujamtumia chupa za kunyonyeshea kutoka mjini, fikiri.

Chupa na chuchu yake ya mpira huficha mabaki ya maziwa, na humo viini huzaana. Kuzisafisha kwahitaji brashi na maji mengi, nayo Eldas ni kame. Kuhara huweza kumuua mtoto mchanga upesi.

Mpelekee vikombe viwili vidogo, vya wazi, kimoja kwa kila mtoto. Hivi huoshwa kwa urahisi. Mama akikamua maziwa, ampakate mtoto wima kiasi, kikombe kiguse mdomo wa chini, mtoto anywe mwenyewe. Asimmiminie.

Lakini ziwa hutangulia: mapacha wakinyonya mara kwa mara, maziwa huongezeka. Kwa miezi 6 hawahitaji hata maji.